Mwenyekiti afungua kikao msibani kwake

Leo nimevaa koti la marehemu msibani kwake.

Msinitukane, mimi mtani wake.

Jana tumemzika Mzee Bakari, mwenyekiti wetu wa kijiji hapa Mpapura. Mkewe, Bi Somoe, tangu hapo hajagusa chakula. Hata shehe kambembeleza, wapi.

Basi nikasimama mbele yake, nikakohoa kama marehemu: "Ndugu wananchi, nitasema machache."

Watu hoi kwa kicheko. Mzee yule hajawahi kusema machache. Hata kisima tulikipata kwa sababu wakubwa wilayani walichoka kumsikiliza.

Bi Somoe akainua uso. "Kaa chini wewe. Mwenzio akisema hivyo, nakwenda kusonga ugali, narudi bado anasalimia."

Akacheka, akalia, kisha akaomba maji ya kunawa, ale.

Nanyi aliowachosha marehemu, leteni ushahidi hapa chini.