Nyani Aliyeitwa Karani

Mwaka wa hamsini na tatu, mahindi ya Golbanti, kando ya mto, yakianza kukomaa, Enos alimchoma mkuki nyani jike shambani kwake. Hakuona la kujutia. Kundi lake lilikuwa limeshamaliza robo ya shamba. Lakini alipougeuza mzoga kwa mguu, akaona mikono miwili midogo imeyashika manyoya ya kifuani, haitaki kuachia. Akakibandua kile kitoto kidole kimoja kimoja, akakitia ndani ya shati, akaenda nacho nyumbani.

"Mama Tamar, nimekuletea mgeni."

"Mgeni gani mwenye mkia?" mkewe Lydia akauliza, ila alikuwa ameshanyoosha mikono kumpokea.

Maziwa waliyapata kwa Molu, mfugaji wa Ki-Orma aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake karibu na hapo. Molu alimtazama mnyama yule akinyonya kitambaa kilicholowa, akatikisa kichwa.

"Dogo hii nzuri, Enos. Kubwa, hapana. Rudisha sasa. Ikikaa hapa, porini itasahau."

Enos akacheka. Alimwita Karani, kwa jinsi alivyopenda kukaa na kujikuna kichwa kama mtu aliyeshindwa na hesabu za ofisini. Kazi ya Enos, mbali na shamba, ilikuwa kuvusha watu mtoni, na Karani akawa anakaa mbele kabisa ya mtumbwi, ameshika kingo mbili. Wasafiri waliwapita wavushaji wengine wakauliza mtumbwi wa nyani uko wapi. Enos, ambaye maisha yake yote hakuna aliyemuulizia, akavimba kichwa.

Mwaka wa tatu Karani akaota meno marefu kuliko ya mbwa. Ikabidi afungwe kamba kiunoni.

"Baba Tamar, huyu siku hizi ananitazama vibaya," Lydia alisema.

"Anakutazama kwa kuwa wewe ndiye unayemlisha."

Jumamosi moja abiria kutoka Tarasaa walikuwa wengi, wachangamfu. Enos akataka kuwafurahisha. Akamwonyesha Karani ndizi, akaiondoa. Akamwonyesha tena, akaila mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Karani akafunua meno, na Enos, asije akaonekana ameogopa, akamzaba kofi mbele yao. Walipofika nyumbani akamfunga kwenye nguzo ya banda, akaenda kujilaza. Hakumwambia mkewe neno.

Ukelele wa Lydia ndio uliomwamsha. Bakuli lilikuwa limepinduka, ugali umetapakaa, na mkono wake wa kulia umechanika toka kidole gumba hadi kifundo. Zahanati walimshona na kidonda kikaanza kufunga, lakini vidole vilikataa kukunjika. Na Lydia ndiye aliyekuwa akisuka mikeka ya ukindu iliyoagizwa mpaka Kipini.

"Mnyama alipatwa na nini?" jirani yao Gershom aliuliza, panga mkononi.

"Wazimu tu," Enos akajibu. "Ghafla."

Akaomba asiuawe, na wiki mbili baadaye akamvusha hadi msitu wa ng'ambo. Karani alikaa mahali pake mbele ya mtumbwi, ametulia, akidhani ni safari kama nyingine. Enos akamkata kamba, akamrushia gunzi la mahindi ufukoni, na alipolifuata akasukuma mtumbwi haraka. Karani alipiga kelele mpaka Enos akafika upande wa pili.

Kesho yake alimkuta palepale majini, sikio limeraruliwa na nyani wenzake, amenyoosha mikono yote miwili abebwe. Enos alimtupia ndizi akiwa mtumbwini, kushuka hakuthubutu. Siku ya tano akamkuta amekufa. Akachimba shimo kwa kafi la mtumbwi, akamfukia.

Aliporudi, Lydia alikuwa uani akimenya muhogo kwa mkono wa kushoto.

"Mama Tamar, nilimchokoza," alisema, kabla ujasiri haujamtoka. "Siku ile. Nilimnyima ndizi watu wacheke, nikampiga. Halafu nikakuacha uende kwake."

Kisu kikasimama.

"Wiki tatu," Lydia akasema taratibu, "nimekaa nikijiuliza mimi nilimkosea nini yule mnyama. Nimemlea tangu analala mgongoni mwangu. Na wewe unanitazama tu."

Pole Enos alishaitoa mara nyingi, lakini ya jeraha, si ya kosa lake. Lydia akanyanyuka akaingia ndani.

Jumapili, baada ya ibada, Enos alisimama mbele ya watu, akayarudia yote. Wako waliocheka, na Gershom akatazama pembeni. Lydia alitangulia nyumbani peke yake. Alasiri Enos alimkuta kibarazani akijaribu kufungua kitambaa cha kidonda kwa meno. Akachuchumaa mbele yake. Lydia alimwacha asubiri muda mrefu. Kisha akamnyooshea ule mkono, uso ameuelekeza mtoni.