Wakili wa Mpishi

Katika kikundi chetu cha kusoma riwaya za upelelezi, kwenye maktaba ya mtaa hapa Garissa, niliomba jambo moja: asituhumiwe mhusika yeyote kabla hajapata wa kumtetea, maana dini imetukataza dhana mbaya. Vijana walicheka, lakini wakakubali.

Alikuwapo mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Hagadera ambaye kwa miezi alisikiliza tu, akikionea haya Kiswahili chake. Siku moja sote tulimshuku mpishi wa riwaya, na hakuna aliyetaka kumtetea. Mama akainua mkono.

"Adeer," akaniita ami kwa Kisomali, "mimi natetea yeye."

"Eedo, huyo ameua, wachana naye!" kijana mmoja akamtania, naye akimwita shangazi kwa Kisomali.

"Wewe umeona? Mtu ameua hawezi kubaki kupikia watu wa msiba chai."

Tukacheka, naye akacheka, akaendelea kusema mpaka adhana ya Alasiri.

Tulipomaliza kitabu, kumbe mpishi ndiye muuaji kweli. Nilihofu mama asingerudi tena. Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

"Adeer, mpishi amenidanganya," akasema. "Leo nipe mwingine."

Nikasema alhamdulillahi, nikamsogezea kiti.