Chupa ya Dripu ya Wankyo

Jumanne, tarehe 12 Februari 1974. Jua lilichoma tangu mapema, upepo wa ziwani ulikuwa umekufa, na upande wa Kiriba wingu jeusi lilisimama bila kudondosha tone.

Wankyo Matiko, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili mjini Musoma, alimaliza zamu ya usiku katika wodi ya majeruhi akiwa na njaa, lakini uji wa bweni ulimnukia damu. Wanafunzi wa zamu hiyo walikuwa na mtindo wao: ukitoka kazini, unakunywa gongo kidogo, unavuta sigara, unalala. Wankyo alikuwa amefika mahali ambapo bila gongo hapati usingizi, na asipoinywa mikono inamcheza. Kwa kuwa bwenini walikuwa wakipekuliwa, aliificha wodini, kabatini, ndani ya chupa ya dripu yenye lebo ya maji ya chumvi.

Baba yake, mfugaji wa kule Butiama, alimruhusu kusoma kwa sharti moja: siku atakaposikia neno baya, binti anarudi kuolewa. Kaka yake, Mwikwabe, alilingoja neno hilo kwa hamu, maana ng'ombe wa mahari ya Wankyo ndio ambao yeye angeolea mke.

Asubuhi hiyo Wankyo alikuwa anainama kabatini kuifikia chupa yake ndipo lori lilipofunga breki nje. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamevamia watu waliokuwa wakihamia kijiji cha ujamaa. Wa kwanza wa wahamiaji hao kushushwa alikuwa Mwikwabe. Panga lilikuwa limempasua bega, mfupa ukionekana mweupe, na mshale umevunjikia pajani.

"Shika hapo, bonyeza," Sista Hyasinta, mkuu wa wodi, alimwamuru Wankyo.

Alibonyeza. Vidole vikacheza, damu ikapenya katikati yavyo na kuchuruzika hadi kiwiko.

"Mbona unatetemeka?" Mwikwabe alisema kwa meno yaliyobanwa. "Ndiyo kazi unayosomeaga hii? Nyumbani hata kuku tunamchinja bila kutetemeka."

"Nyamaza, kaka."

"Maji ya chumvi," Sista aliita.

Dorkas, mwanafunzi mgeni ambaye hata sigara hakuigusa, alichukua chupa kabatini. Wankyo aliitambua lebo iliyokunjika pembeni. Alipofungua mdomo, Dorkas alikuwa ameshamimina kwenye jeraha la bega.

Mwikwabe alinguruma. Mguu wake mzima ulimpata Dorkas tumboni. Chupa ikapasukia sakafuni. Kwa mkono uliobaki alimkamata Wankyo shingoni akampigiza uso kwenye chuma cha kitanda, mara ya kwanza, mara ya pili, jino likalegea. Wanaume waliomleta walimlalia juu, mmoja akamkandamiza paja lenye mshale, naye akapiga yowe hadi sauti ikakatika. Harufu ya gongo ikajaa wodi.

Sista alimwinua Dorkas kwa kola na kumzaba kofi. "Unaleta pombe kwenye wodi yangu?"

"Nimeikuta kabatini, Sista." Dorkas alikuwa amejishika tumbo, hawezi kusimama wima. "Imeandikwa chumvi."

Akazabwa la pili. Mwikwabe naye alimtolea macho Dorkas tu. Wankyo aliona: akinyamaza, lawama inabaki kwa Dorkas, naye amepona.

Alitema damu kiganjani. "Ni yangu, Sista. Mwache."

Mwikwabe aliacha kuhangaika. Akacheka, na kicheko kikamuuma begani. "Umesikika, dada. Baba atalisikia neno hilo kwa mdomo wangu."

"Mwambie."

Sista alimwambia Wankyo akalale bwenini. Mkuu wa chuo ataamua. Hakulala. Alitetemeka kutwa kucha, shuka limelowa jasho, wala hakumwomba mwenzake hata tone la gongo.

Kesho yake asubuhi, midomo imevimba, alikunywa uji, akautapika, akanywa mwingine. Kisha akaenda wodini bila kuitwa, akavuta stuli kando ya kitanda cha Mwikwabe, akasubiri mikono itulie kidogo, akaanza kumfungua bandeji ili amsafishe jeraha.