Matofali ya Profesa Ng'ang'a

Profesa Ephantus Ng'ang'a alikuwa akifunga mkebe wake wa chakula kwa kufuli. Hakuna aliyewahi kumwibia hata kijiko pale chuoni Eldoret, lakini yeye hakuona huo kuwa ushahidi. Aliamini tu kwamba wezi wake wana subira.

Hakuanza juzi. Alizaliwa katika kijiji cha Ziwa, kwa baba mwenye duka aliyepima upya kila gunia la sukari lililoshushwa mlangoni, na ambaye kila mara alikuta limepungua. Shahada zake zote, hadi ya uzamifu, alizipata kwa kufuatilia mizigo inayopotea njiani. Kisha akawafundisha vijana ugavi na uchukuzi kwa neno moja: mzigo usio na karatasi umeshaibwa. Neno hilo lilimpatia uprofesa. Lilimkosesha marafiki pia, ila hao hawahesabiwi wakati wa kupandishwa cheo.

Ndipo akaja Ayan, mwanafunzi wake wa uzamifu, na tasnifu iliyomchafua roho. Binti aliandika kwamba wafanyabiashara wa jamii yake husafirisha mali kutoka Eldoret hadi Lodwar kwa neno la mdomo tu, na haipotei.

“Hata risiti hakuna?” Profesa aliuliza.

“Hakuna, Prof. Ukiharibu jina mara moja, hakuna mtu atakupatia mzigo tena. Huo ndio muhuri wao.”

Profesa aliguna. Mwamba ngoma huvutia kwake: mchukuzi aliyesifiwa zaidi katika tasnifu hiyo, Hussein, alikuwa mjomba wa Ayan. Bila saini ya Profesa binti hapiti, na akipita, basi mwalimu wake amefundisha uongo maisha yake yote. Akaamua kuwategea.

Alifunga katoni, akaipamba kwa utepe, akampelekea Hussein kwenye bohari lake mjini. Akamwambia ni vikombe, zawadi ya harusi ya binti wa Shamsa, mwenye duka kule Lodwar. Ndani alikuwa amejaza matofali. Kwani mtu mwenye akili atampelekea mwizi vikombe vizuri? Alikuwa na hakika kwamba haitafika.

Ikafika, tena bila utepe kulegea. Shamsa akaifungua mbele ya wageni wa harusi.

Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Ayan alimjia Profesa ofisini macho yamemwiva.

“Prof, wanasema Anko Hussein ameiba vikombe vyako akaweka matofali. Wazee wamemkalia kikao kwa bohari lake saa hii. Watu wameanza kuchukua mizigo yao kwake.”

Profesa alihisi furaha. Ndiyo, furaha! Akinyamaza tu, nadharia yake inasimama na tasnifu ya binti inaanguka. Kisha akamwona Ayan akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na furaha ile ikamgeukia aibu. Akachukua koti.

Bohari lilikuwa karibu tupu. Wazee walikaa kwenye mkeka, chai imewapolea, na Hussein kando yao kama mfiwa. Profesa hakungoja kukaribishwa.

“Matofali niliweka mimi. Hakukuwa na kikombe hata kimoja.”

Mzee Abdirizak, mkubwa wao, alimpima kwa macho toka viatuni hadi kwenye miwani.

“Profesa mzima unapelekea bibi harusi matofali? Ya nini?”

“Nilikuwa nawajaribu. Nilidhani mtaiba.”

“Na leo ndio umekuja kusema. Hukumwambia Shamsa, hukupiga simu. Umekuja baada ya mpwa wa Hussein kukuendea akilia.”

“Mzee, ni ukweli. Naapa.”

Abdirizak alimgeukia Hussein taratibu. “Huyu umemlipa ngapi?”

Profesa alimtazama kila mzee usoni, akitafuta hata mmoja wa kumwamini. Aliijua vizuri namna walivyokuwa wakimwangalia; ndivyo baba yake alivyoyaangalia magunia. Akafungua kinywa aape tena.

“Mwalimu, tafadhali nenda,” Hussein akasema, bila kuinua kichwa. “Kila ukiongea unanimaliza.”