Watani walivyoliwekea msiba gari la mjomba siku ya kuuzwa, Mikindani

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Nawaletea kisa cha kusini, na sijaongeza chumvi hata kidogo. Chumvi aliitia Mzee Chilumba, mtamwona mbele huko.

Miaka ile kivuko cha Rufiji bado kinatesa watu, mjomba wangu Saidi alikuwa na sports car ya Kimarekani pale Mikindani.

Msibishe kwanza. Milango miwili, V8, usukani kushoto, boneti refu mpaka ukikaa ndani hujui linaishia wapi. Mjomba alikuwa dereva wa mzungu mmoja wa shamba la mkonge, na yule mzungu alipoondoka nchini akamwachia. Likakaa godauni miaka na miaka, kuku wakitaga kwenye siti.

Mjomba alipostaafu akaamua kulifufua. Mimi nilipiga msasa na puti mpaka vidole vikaota sugu. Siti zikashonwa na fundi makochi wa Mtwara mjini. Rangi nyekundu. Siku lilipowaka, mbuzi wa jirani walikata kamba wakapotelea kijiji cha Ziwani huko.

Tatizo likawa pa kulilaza. Mjomba aliogopa upepo wa bahari utakula bodi. Basi akabomoa ukuta wa mbele, akaliingiza sebuleni.

Ndiyo, sebuleni. Makochi yakaenda uani. Mke wake, Bi Esha, akawa anapokea wageni jikoni.

Bi Esha alivumilia weee, mwisho akachoka. Akamwambia mbele yangu: "Saidi, mimi na gari lako hatukai nyumba moja. Jumamosi jua likizama lipo humu, mimi nipo Likombe kwa dada yangu. Na usinifuate."

Hakuwa anatania, na mjomba alimjua mkewe. Akahangaika, akapata mteja wa Dar, kijana anayekusanya magari ya zamani. Angekuja na ndege Jumamosi asubuhi.

Sasa mjomba akafanya kosa moja: akamwambia Mzee Chilumba.

Mzee Chilumba ni Myao, sisi Wamakonde. Ni mtani wetu, tena mtani aliyekubuhu. Kwa wasiojua, kwetu mtani akija msibani anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anataja kasoro zake zote na kuzikuza mara kumi. Wewe mfiwa huruhusiwi kununa. Ukinuna umejiaibisha.

Jumamosi hiyo mteja anafika, anakuta nini? Jamvi mlangoni. Gari limefunikwa shuka jeupe kuanzia taa hadi buti. Akina mama wa Kiyao wamejifunga khanga kichwani, wanalia: "Uuuwi, umetuacha na nani sisi!" Kijana mmoja kajipaka oili usoni, anatambaa chini ya gari, akitoka anabusu tairi. Anamwigiza mjomba!

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mteja akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amefariki?"

"Hili gari," akajibu Mzee Chilumba, uso mkavu kabisa. Kisha akasimama kutaja sifa za marehemu. "Marehemu alikuwa hapandi mlima mpaka asukumwe na kijiji kizima! Marehemu breki zake zilikuwa dua! Marehemu alikuwa anakunywa petroli, jamani, hata akiwa amelala!"

Yote uongo, wakuu. Isipokuwa hiyo ya petroli.

Yule mteja alikulia nje, mambo ya watani hayajui. Aliona majirani waungwana wanamwonya. Mjomba anamvuta shati, "Hawa ni watani zangu, bwana, washa ujaribu!" Mteja hataki hata kugusa mlango. Alirudi na ndege ileile.

Mjomba akabaki anatabasamu kwa lazima, maana kununa haruhusiwi. Nilimwonea huruma kweli.

Jua likazama. Bi Esha akafunga kibegi chake, akapita pembeni ya gari, akaenda Likombe.

Hapo ndipo Mzee Chilumba alipojua maji yamezidi unga. "Mtani, hili nimelivuruga mimi, nitalitengeneza mimi." Akadandia lori la kwenda Masasi, kwa Myao mwenzake, mnunuzi wa korosho. Akamsimulia msiba wote, na zile breki za dua. Jamaa akacheka mpaka machozi, akasema gari lililosingiziwa hivyo lazima ni zima, analitaka.

Akaja. Akalizungusha mpaka bandarini na kurudi, akalipa.

Bi Esha naye akaletwa na dada yake kuhakikisha. Kijiji kizima kimejaa. Jamaa akawasha, lile dude likanguruma, likatoka sebuleni taratibu. Mjomba akalifuata mpaka barabarani, mkono juu ya buti. Lilipomponyoka, akachuchumaa palepale akaanza kulia.

Watu tukaangua kicheko! Tukajua anamlipa Chilumba msiba wake. Akina mama wakapiga vigelegele, "Haya mfiwa, lia vizuri!" Kadiri alivyolia ndivyo tulivyocheka.

Bi Esha akapenya katikati ya watu. Akainama, akamtazama mumewe usoni, akavua khanga ya juu akamfuta nayo.

Akatugeukia. "Nyamazeni. Huyu analia kweli."

Mzee Chilumba, mtu ambaye maisha yangu yote sijawahi kumsikia akiongea bila mzaha, akavua kofia akasema, "Pole sana, Saidi." Alimwita kwa jina. Hakumwita mtani.

Bi Esha akamshika mjomba mkono, wakaingia wote wawili kwenye ile sebule tupu. Hawakutoka mpaka asubuhi.

Nilichojifunza: utani ni mtamu, ila mwenzako akilia, kabla hujacheka nenda kamtazame usoni kwanza.

Haya, uwanja wenu. Mabingwa wa V8 mnaotaka kubisha kuhusu wale mbuzi, karibuni. Na Wayao mliomo humu, njooni mjitetee.