Kamusi ya Père na Fonti Iliyopotea

Kwa miaka sita niliandika Kiebrania bila kujua kusoma hata neno moja. Nilikuwa na meza ya kuchapa kazi za wanafunzi karibu na chuo kikuu, hapa Lubumbashi. Siku moja padri mzee, Père kama tunavyowaita hapa, aliingia na madaftari ndani ya mfuko wa saruji. Alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, naye alikuwa akitunga kamusi: neno la Kiebrania, la Kigiriki cha kale, kisha la Kiluba.

"Mama, utaweza?"

"Père, mi sijue hii maandiko."

"Haina shida. Utaangaria sura yake tu, utafanya vile."

Alinipa CD yenye fonti aliyoipata Ulaya alikosomea. Ukibonyeza herufi ya kawaida, kwenye skrini inatokea ya Kiebrania au ya Kigiriki. Lakini Kiebrania huandikwa kutoka kulia, na fonti ile haikujua hilo. Ilinibidi nianze kila neno mwishoni, nirudi hadi mwanzo. Kigiriki nacho kilikuwa na alama ndogo juu ya irabu, nyingine zikiitwa pumzi. Nikisahau moja, padri aliigusa karatasi kwa ukucha. "Hapa umeacha pumzi," alisema, kana kwamba nimemziba mtu pua.

Tulimaliza. Masika ile paa la nyumba ya mapadri likavuja, madaftari yakageuka uji. Hatukuhuzunika sana, kila kitu kilikuwa ndani ya kompyuta, na nakala kwenye flashi yangu.

Kisha umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikatoa moshi. CD ilikuwa imekwaruzika, haikusoma tena. Nilipofungua flashi kwenye mashine nyingine, mahali pa Kiebrania na pa Kigiriki palijaa herufi za kawaida zilizovurugika, mabano na alama za asilimia. Nilizunguka chuo kizima nikiuliza. Hatimaye fundi mmoja akanitafutia fonti nyingine. Nikaiweka, Kigiriki kikabaki vilevile, lakini Kiebrania kikarudi! Nilichapa kurasa ishirini, nikaenda kwa padri karibu nikikimbia.

Macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia. Aliweka karatasi karibu na jicho la kushoto, akainua kioo cha kukuzia, akashindwa.

"Neno la kwanza," alisema. "Herufi ya kuume kabisa iko namna gani?"

"Iko kama mulango, Père. Muguu moja mufupi."

"Hapana. Inapashwa kuwa kama nyumba yenye haina ukuta upande moja. Na ya pili?"

Nikamweleza. Hapana tena. Kwenye fonti mpya kila herufi ilikuwa imekaa kwenye kitufe kingine. Tulifika neno la tano, akaweka karatasi magotini.

"Hiki ni Kiebrania cha mwenda wazimu."

"Nitatengeneza moja moja, Père."

"Na nani atakusomea?"

Tulijaribu hata hivyo. Wiki kadhaa nilikaa karibu na kitanda chake, yeye akitaja kutoka kichwani, mimi nikisahihisha. Mwanzoni alikwenda vizuri. Baadaye alianza kunipa neno lilelile mara mbili, kila mara na Kiluba tofauti, na nilipomuuliza lipi ndilo, aligeukia ukuta. Siku moja aliniambia nisije tena, nina watoto wa kulea. Nilikwenda kesho yake. Alijifanya amelala.

Alikufa kabla mvua hazijaisha.

Baada ya mazishi nilimpelekea flashi padri kijana aliyechukua chumba chake. Aliichomeka mbele yangu. Safu ya Kiluba ilisomeka vizuri: maneno marefu kwa mafupi, moja chini ya jingine, bila kujulikana yanafasiri nini. Alishuka kurasa chache, akanitazama kwa upole.

"Mama, sasa hii itatusaidia nini?"

Aliichomoa, akanirudishia mkononi.