Asubuhi Nilipovunja Mustari wa Maji

Kesho naenda mtaa wa Katoyi kuuliza watu habari za maji, kwa ajili ya redio ya shule, na haya inaniua. Nikamwambia Shangazi, maana ndiyo kazi yake tangu ujana: kutangaza redioni habari za maji, ziwa, misitu. Akaacha kuchambua maharagi, akanianzia hivi:

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mtaa wa Ndosho hainitoki hata leo. Nilikuwa mgeni kazini. Maji yalikuwa yamepotea mtaani, nikasikia yamerudi, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mbio mpaka kwenye robine, bomba la mtaa. Pale nikakuta bidon za manjano, madumu ya kutekea maji, zimepangwa, wenyewe wengi hawapo. Mimi ni mtoto wa Himbi, kwetu maji yalitoka ndani ya nyumba, ningejua nini? Nikazisukuma kando kwa mguu, nipate nafasi ya kushika mikro karibu na maji, nirekodi sauti yake.

“We dada wa redio!” mama mmoja muzee akaniita. “Hizo unapiga teke ni batu!”

Kumbe kila bidon ilikuwa mtu: ilishika zamu ya mwenyewe, aliyekwenda kupika au kuuza ndizi. Wenyewe wakarudi mbio.

“Yangu ilikuwa mbele!”

“Mbele ya nani? Wewe ulikuja jua likiwaka!”

Wakashikana nguo. Binti mmoja, mwenye kichanga mgongoni, alisimama tu analia. Baadaye nikaambiwa aliweka bidon yake alfajiri, lakini hakuwa na sauti ya kugombana.

Yule mama muzee hakunifukuza. Alisema polepole: “Zima kwanza hiyo mashini. Wewe ndiwe wa mwisho kuona mustari ukiwa muzima. Tuambie, nani alikuwa wa kwanza?”

Mwanangu, nikaizima. Nilikuwa nimeona manjano tu.

“Basi mwenye mutoto ateke kwanza,” akaamua.

“Na huyu wa redio ateke wa mwisho!” mwingine akadakia. Wakacheka, wakajipanga upya. Maji yakakatika wengine hawajapata. Wale walirudi nyumbani na bidon tupu kwa sababu yangu.

Kwa hiyo kesho usione aibu kuwa mpole. Fika, salimia, kaa kimya kidogo. Tazama nani ametangulia, nani analia pembeni, nani hana sauti. Huyo asiye na sauti ndiye umuulize kwanza. Wakubwa wa ofisini waulize mwishoni; watakungoja.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akupe sikio lenye subira, na watu wa kila mlango utakaobisha hodi wakupokee kama mtoto wao.